Magdi wa Kishegyes

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na pole kwa mafua. Barua yako imenichekesha pale uliposema mashindano ya kuimba kwenye televisheni yanatoa nyota wa msimu mmoja: leo anapigiwa vigelegele, mwakani hata jina halikumbukwi. Sikubishii sana. Ila ninaye mtu mmoja wa kukuvurugia hoja.

Anaitwa Magdi Rúzsa. Ni Mhungaria, lakini kazaliwa mwaka 1985 Vrbas, kaskazini mwa Serbia ya leo, akakulia Kishegyes, mji mdogo ambao wakazi wake wengi ni Wahungaria. Mipaka ilipochorwa upya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wa huko walijikuta nchi nyingine bila kuhama hata hatua moja. Magdi akavuka mpaka kwenda Hungaria kujaribu bahati kwenye Megasztár, shindano la kituo cha TV2 ambalo kura ni za watazamaji. Mwaka 2006, akiwa na miaka 20, akachukua ushindi wa msimu wa tatu.

Hapo ungeniambia, "Haya, kisha?" Kisha, mwenzangu, akatunga. Kwenye mashindano yale unaimba nyimbo zilizokwishapendwa, nusu ya kazi umeshafanyiwa. Yeye mwaka uliofuata alikwenda Helsinki kuiwakilisha Hungaria kwenye Eurovision, lile shindano la nyimbo la kila mwaka la nchi za Ulaya, na "Unsubstantial Blues", muziki ameutunga mwenyewe.

Itafute video yake. Mwaka huo Ukraine walileta kichekesho kitupu, mtu kavaa nguo za rangi ya fedha mwili mzima na nyota kichwani, na wakashika nafasi ya pili! Magdi yeye kasimama na jinzi yake kando ya kibao cha kituo cha basi, na sanduku la safari. Wimbo wa mtu anayeaga. Sauti ina mikwaruzo, halafu anaipandisha mpaka unadhani itakatika, haikatiki. Mimi pale huwa narudisha nyuma nisikie tena.

Alishika nafasi ya tisa kati ya nchi 24 za fainali. Si haba, lakini linalonigusa zaidi ni tuzo ya Marcel Bezençon aliyopewa kwa utunzi, maana kura zake zilipigwa na watunzi wenzake waliokuwa mashindanoni. Mafundi kumkubali fundi, hilo simu za watazamaji haziwezi kukununulia.

Na unajua nani alishinda usiku ule? Serbia, nchi aliyozaliwa, kupitia Marija Šerifović, tena ikiwa mara yao ya kwanza kushiriki kama nchi huru. Sijui kwa nini mambo haya hayaandikwi kwenye tamthilia.

Hadi leo Magdi anajaza ukumbi mkubwa wa michezo wa Budapest. Sasa nitajie wewe mmoja wa kwetu aliyedumu hivyo baada ya shindano, na usinitajie yule binamu yako.

Msalimie mama, na watoto wote.

Wako,
Rehema