Uliza kocha kwanza

Mwenzangu wa siku nyingi,

Salamu kwako, kwa baba watoto na kwa mwanao. Ujumbe wako niliupata Jumanne, nikausoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa siku tatu bila kukujibu kwa sababu sikutaka hasira ndiyo iandike. Unauliza kama umpeleke mwanao kwenye mchujo wa klabu ya soka mwaka huu au usubiri kidogo. Nitakujibu, lakini acha kwanza nikusimulie yaliyotukuta, maana jibu langu limetoka humo humo.

Unajua kijana wangu ameichezea klabu hii miaka 3. Mwaka huu anaingia timu za chini ya miaka 11, na klabu ikaamua kwamba watoto wote wa umri huo wafanyiwe majaribio upya, wageni kwa wenyeji. Jioni mbili, saa moja na nusu kila jioni. Nilihesabu watoto 46. Nafasi za timu ya kwanza zilikuwa 14.

Jioni ya kwanza akapewa kizibao chenye namba 31, kizibao cha mtu mzima. Kilimfika magotini. Kila akikimbia kinajikunja katikati ya mapaja, anakivuta juu kwa mkono wa kushoto huku mpira uko mguuni. Nikamwita pembeni nikakifunga fundo kiunoni. Haikupita dakika tano, mmoja wa watathmini, wale wenye makaratasi ya alama, akaja kumwambia akifungue, kwa sababu fundo lilikuwa limeimeza namba na hawamtambui. Akafungua. Alicheza jioni yote iliyobaki amekishika kizibao kama mtu anayevuka maji.

Na huo uwanja wenyewe! Watoto hawa mpaka msimu uliopita walikuwa wakicheza saba kwa saba. Sasa wanahamia tisa kwa tisa: uwanja mkubwa zaidi, goli kubwa zaidi. Hilo sina ugomvi nalo, ni hatua ya kawaida ya umri huo. Ugomvi wangu ni kwamba mara yao ya kwanza kukanyaga uwanja ule ilikuwa siku ya kupimwa. Kwenye eneo kubwa namna ile, mwenye miguu mirefu anaufikia mpira kwanza, na anayeufikia kwanza ndiye anayeonekana. Mtoto wangu si wa mbio. Yeye anasoma mchezo. Kuna mpira ulikuja kwake kutoka kwa beki, yeye akainua mguu akauacha upite, maana alishamwona mwenzake yuko huru upande wa pili. Yule akapokea, akapiga, goli. Mimi nilikuwa namtazama mwenye karatasi. Kichwa kilikuwa chini, anaandika habari za tukio lililopita. Alipoinua macho akamwona mfungaji akishangilia, akaandika namba ya mfungaji.

Simlaumu sana mtu yule. Watoto 46, watathmini 3, muda haba. Ila jioni mbili za namna hiyo haziwezi kumjua mtoto kuliko kocha aliyekaa naye msimu mzima, na kocha wetu wa msimu mzima hakuulizwa. Nililithibitisha hilo kwake mwenyewe. Alisema alitakiwa apange koni na agawe vizibao, basi.

Halafu kuna suala la tarehe ya kuzaliwa, ambalo nimelisoma mpaka usiku wa manane. Klabu yetu inapanga umri kwa mwaka wa kalenda, kuanzia Januari 1, kama FIFA inavyofanya kwenye mashindano yake ya vijana. Wangu alizaliwa wiki ya mwisho ya Desemba. Katika kundi lile alikuwepo mtoto wa Januari ya mwaka ule ule, yaani anamzidi karibu miezi 12. Kwa mtu mzima, mwaka mmoja si kitu. Kwa mtoto wa miaka 9 na nusu ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maisha yake yote. Watafiti waliligundua jambo hili kwenye hoki ya barafu huko Kanada katikati ya miaka ya 1980: timu za wateule zilijaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, na waliozaliwa mwishoni walikuwa wachache. Baadaye wakalikuta kwenye soka pia, nchi baada ya nchi. Mwezi wa mwanzo unabadilika tu kulingana na nchi inaanzia wapi kuhesabu. Uingereza wanaanzia Septemba, kwa hiyo huko wanaobanwa ni watoto wa Julai na Agosti.

Harry Kane ni wa Julai 28, 1993. Arsenal walimchukua akiwa mdogo, wakamwacha baada ya msimu mmoja. Leo ndiye anayeongoza kwa mabao katika historia ya timu ya taifa ya England. Sikuambii haya kwa kudhani nimezaa Kane mwingine. Wengi wanaoachwa hawarudi. Nakuambia kwa sababu waliomwacha walikuwa watu wa kazi hiyo hasa, wenye uzoefu na vifaa, na bado mtoto wa miaka 8 aliwapita machoni. Sisi tunao wazazi watatu wa kujitolea na jioni mbili.

Mbele kuna kikwazo kingine, cha kukua. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, lakini mmoja anawahi na mwingine anachelewa, wote wakiwa sawa sawa. Ubelgiji wameliona hilo kiasi kwamba shirikisho lao la soka lina timu za taifa za vijana kwa ajili ya wale wanaochelewa kukua, ili wasipotee kabla miili yao haijawafikia wenzao. Nilipolitaja hilo kwenye kikao cha wazazi, mzee mmoja akaniambia kwa upole kwamba sisi si Ubelgiji. Ni kweli. Lakini kumtazama mtoto mara ya pili kabla ya kumhukumu hakuhitaji shirikisho.

Basi. Majibu yakatoka saa tatu usiku, orodha ya namba bila majina, imetumwa kwenye kundi la simu la wazazi wote. Sikuwa nimeiona bado. Mtoto wa jirani alikuwa ameiona kwenye simu ya mama yake, akaja mlangoni na viatu vya nyumbani akisema, "Namba yako haipo huku juu." Hivyo ndivyo mwanangu alivyopata habari. Alikuwa anapiga mswaki. Akarudi bafuni akamaliza kupiga mswaki, akalala.

Kupangwa timu B, ya pili baada ya A, peke yake hakukunivunja, mwenzangu, naomba uniamini. Nilishajiandaa, hata nilimwambia kwamba kucheza dakika nyingi B ni bora kuliko kukaa benchi A, na ninaliamini hilo mpaka sasa. Kilichonivunja kilikuja wiki moja baadaye, tulipokwisha kulipa ada ya msimu mzima. Ikaja barua ya kutaja makocha. Kocha wetu, yule niliyekuwa nikikusimulia kila mara, anayepiga goti moja chini akiongea na mtoto ili macho yao yalingane, amepelekwa timu ya kwanza. Kocha msaidizi mwenye cheti naye, timu ya kwanza. Timu B imepewa kijana ambaye tayari ana timu nyingine mbili, na kwenye barua wameandika kwamba "atasaidiwa na wazazi watakaojitolea". Timu C haikuwa na jina kabisa. Paliandikwa tu kwamba kocha atatangazwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinapimwa jioni zile mbili. Tulidhani watoto wanagawiwa timu, kumbe wanagawiwa walimu. Waliokwisha kujua wakapewa wanaojua kufundisha, na ambao bado hawajui wakaachiwa atakayepatikana. Fikiria shule ingefanya hivyo, mwanafunzi aliyeshindwa hesabu apewe mwalimu wa kupitapita. Tungekesha mlangoni kwa mwalimu mkuu. Kwenye mpira tunanyamaza, kwa sababu tunaogopa tukisema mtoto ataadhibiwa uwanjani. Na mwaka ujao wakiitwa tena kwenye mchujo, wa timu ya kwanza watakuwa wamefundishwa mwaka mzima na wetu watakuwa wamekimbizwa mwaka mzima, kisha watatuonyesha tofauti kama ushahidi kwamba walichagua vizuri.

Wazazi wengine wanasema mengi zaidi, kwamba watoto wa makocha wote wameingia timu ya kwanza. Wawili wameingia kweli. Mmoja nimemwona akicheza, anastahili pasipo shaka. Wa pili siwezi kusema, na sitaki kumtia mtoto wa mtu kinywani. Lakini klabu ingejisaidia yenyewe kama ingesema tangu mwanzo kwamba mzazi hatii alama kwenye karatasi ya mwanawe. Walikaa kimya, na kimya chao ndicho kimezaa maneno yote haya.

Nilikwenda kuonana na msimamizi wa vijana. Nilijikaza, sikupandisha sauti. Nilimwomba mambo mawili: aniambie mwanangu afanyie kazi nini, na anieleze kwa nini makocha wote wenye mafunzo wako timu moja. La kwanza alifungua daftari akasoma: "Kasi, wastani. Ushindani, wastani." Nikamuuliza, je, pasi zake? Kulitazama eneo kabla mpira haujafika? Akasema karatasi haikuwa na kisanduku cha hayo. La pili alinijibu kwa uaminifu, nami namheshimu kwa hilo. Alisema makocha ni wachache, wengi wanajitolea baada ya kazi zao, na wazazi wa timu ya kwanza ndio wanaohama klabu haraka wakikosa kocha mzuri. Kwa hiyo anawapa wale wenye kuondoka. Sisi tunaobaki tunapewa kilichobaki.

Nikampendekezea msimamizi kwamba kocha wetu awachukue watoto wote wa umri ule pamoja mara moja kwa wiki, wa A na wa B na wa C, mazoezi yale yale, vikundi vichanganywe. Nikamwambia kwamba Norway wana kanuni za michezo ya watoto tangu 1987, na mpaka leo hawaruhusu misimamo ya ligi kwa watoto kabla ya mwaka wanaotimiza miaka 11, na sijasikia soka yao ikifa kwa hilo. Akaandika. Alisema atalipeleka kwa kamati. Kocha mwenyewe nilishamuuliza kabla, alikuwa tayari.

Kuna jambo langu pia la kukiri kwako. Jioni ya pili ya majaribio, tukirudi nyumbani, nilimuuliza maswali njia nzima. Kwa nini hukupiga pale? Kwa nini ulimwachia yule? Walikuambia nini? Hakujibu hata moja. Tulipofika alisema, "Mama, kumbe na wewe ulikuwa na karatasi." Sijawahi kusikia neno zito kama hilo kutoka kwa mtoto. Tangu siku hiyo namuuliza kama amefurahi na kama ana njaa, na yeye ndiye anayeanza habari za mpira, siku akitaka.

Sasa swali lako. Mpeleke, kama mwanao anataka mwenyewe. Lakini kabla hujalipa chochote, waulize nani atafundisha kila timu, hiyo ya mwisho ikiwa ya kwanza kuulizwa. Wakikuambia kocha atatangazwa baadaye, waombe uweke saini baadaye. Uliza kama kocha wa msimu uliopita ana neno kwenye uchaguzi. Uliza mtoto asiyechaguliwa ataambiwaje, na nani, na kama ni ana kwa ana. Na kizibao, tafadhali, beba pini mbili za kufungia. Zifunge mabegani, siyo kiunoni, namba ibaki wazi.

Kocha mpya anaanza nasi Jumanne. Nimejiandikisha kuwa mmoja wa wale wazazi wa kujitolea, nikiwa sijui hata kupuliza filimbi vizuri, kwa sababu timu tatu ni nyingi kwa kijana mmoja na watoto 15 hawawezi kusimama wakisubiri aegeshe pikipiki. Mwanangu ameshapaka njumu zake dawa na kuziweka mlangoni, ingawa bado siku nne. Kamati inakaa Alhamisi kuhusu lile ombi la mazoezi ya pamoja. Nikipata jibu nitakupigia usiku ule ule, hata kama ni saa sita. Na wewe niandikie ukishatoka kwenye kikao chenu na klabu, uniambie kama walitaja jina la kocha.

Wako,
mama mwenzako