Barua kwa mwanangu anayekwenda kuchimba

Mwanangu,

Najua uko chumba cha pili na taa yako bado inawaka, kwa hiyo usinicheke kwamba nakuandikia barua. Kila tukikaa mezani kuzungumza habari hii, wewe unainuka kwa hasira na mimi nabaki natazamwa na mama yako. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Swali langu ni moja tu na tangu juzi hujalijibu. Hilo shimo mtakalochimba kutafuta vitu vya kale, kwenye hiyo akiolojia yako, lina kina gani? Jina la profesa umenitajia. Idadi yenu umenitajia, mahema umenitajia, na kwamba mtaamka saa kumi alfajiri kukimbia jua. Kina hukutaja. Nikikuuliza unasema, "Inategemea, baba." Nimesimamia wachimba mitaro miaka ishirini na sita, na shimo la "inategemea" ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

Uliponiwekea mezani ile habari ya kaburi la Thutmose wa Pili, farao wa Misri, ulidhani nitafurahi. Nimeisoma mara mbili. Naelewa kwa nini ulikuwa unarukaruka: kaburi la kwanza la farao wa nasaba ya 18 kupatikana tangu lile la Tutankhamun mwaka 1922. Mlango wake waliuona 2022, na hadi Februari 2025 ndipo wakatangaza kwamba ni lake, baada ya kuokota vipande vya vyombo vya alabasta vilivyoandikwa jina lake na la mkewe Hatshepsut. Na ile dari ya buluu yenye nyota za njano. Wewe uliona nyota. Mimi niliona sentensi nyingine, nikaipigia mstari: mafuriko yaliijaza njia kifusi, dari ya huko ndani ilikwishaanguka, na ili wafike chumba cha kaburi walitambaa mita 10 kwenye upenyo wa sentimita 40 juu ya kifusi. Sentimita 40! Hebu upime mto wako wa kulalia, kisha uniambie kama ungependa mimi nipite hapo.

Tena wengine wanakaa kuhadithiana laana ya Tutankhamun, eti anayegusa kaburi lake hufa. Lord Carnarvon, aliyegharamia uchimbaji ule, alikufa 1923 kwa sababu alijikata kwa wembe pale alipoumwa na mbu, kidonda kikaoza. Howard Carter mwenyewe, aliyelifungua kaburi, aliishi hadi 1939. Laana siiogopi mimi. Naogopa udongo.

Ya ule mtaro unayajua, ulikuwa na miaka tisa na wewe ndiye uliyenifungulia mlango usiku ule. Siyarudii. Lakini hili pengine hukuambiwa: mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kama tani moja na nusu, na ukilowa unazidi. Ukishuka, huna muda wa kuita. Na mtu anaweza kubaki kichwa nje, anakutazama, anasema nawe, na bado akafa, kwa sababu kifua kimebanwa hakina pa kupanukia. Vitabu vyako vinasema udongo ni "tabaka", kama kurasa za kitabu. Sawa. Lakini ukurasa haumwangukii msomaji.

Halafu mbona kuna njia nyingine? Wewe mwenyewe ulinihadithia yule mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tulane, Marekani, Luke Auld-Thomas. Alikuwa anaperuzi intaneti, akafika ukurasa wa 16 hivi wa majibu, akakutana na vipimo vya leza vilivyopigwa kutoka kwenye ndege kwa ajili ya watu wa misitu. Akavikagua, na chini ya miti ya Campeche, Mexico, kukawa na majengo ya kale ya Wamaya zaidi ya 6,500, na mji mzima wenye mapiramidi na kiwanja cha mpira, na wao wakauita Valeriana. Ilikuwa 2024. Hakushika sururu. Na yule Luke mwingine, Farritor, mwenye miaka 21, aliyeifundisha programu ya kompyuta kuona wino ndani ya vitabu vya Herculaneum, mji wa kale wa Kirumi, vilivyoungua vikawa mkaa, akasoma neno moja la Kigiriki, zambarau, bila hata kukifungua kitabu. Mama yake alikuwa analala usingizi. Nilipokuambia ufanye kama hao ukaniambia, "Baba, lazima mtu achimbe." Nikanyamaza, maana hilo neno nimelisema mimi maisha yangu yote.

Na nikiri tu: sikupinga akiolojia kwa sababu haina ajira, ingawa ndivyo nilivyosema mbele ya wajomba zako. Ile fomu ya chuo haikukaa wiki mbili posta. Ilikaa kwenye koti langu.

Wenzako wakikudharau kwamba wewe ni mtoto wa mnyapara wa mitaro, waulize nani aliwapata wale askari wa udongo wa Xi'an, China, mwaka 1974. Wakulima waliokuwa wanachimba kisima. Na vitu vya kale vya Sanxingdui, hukohuko China? Mkulima aliyekuwa anachimba mfereji, 1929. Sisi ndio tunaokutana nayo kwanza, maprofesa wanakuja na brashi baadaye. Mimi mwenyewe nimewahi kupita kwenye vigae vya chungu kizee na chepe langu, nikavitupa na kifusi kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Ulipoanza kusoma mambo haya ndipo vilinirudia usingizini. Sikukuambia kwa sababu ungeniuliza ni wapi, na pale sasa pana barabara.

Ila hao wa Sanxingdui nimewapenda. Yale mashimo sita mapya waliyoyaona 2019 na 2020 waliyajengea vyumba vya kioo, wakavaa mavazi kama ya chumba cha upasuaji, na wakalala kifudifudi kwenye mbao zilizoning'inizwa juu ya shimo ili mguu usikanyage kitu. Barakoa ya dhahabu wameitoa kwa namna hiyo. Hao ni watu wanaoliheshimu shimo. Ninyi mtaning'inizwa na nini?

Sasa nikupe habari uliyoniletea wewe lakini ukaisoma kwa haraka. Pompeii. Unajua kwamba theluthi moja ya mji ule wa Kirumi uliozikwa na volkano bado iko chini, na ule udongo wa volkano ambao haujachimbwa umesimama kama ukuta mrefu, unaegemea nyumba zilizokwisha kufukuliwa. Mvua inaulowesha, unasukuma. Novemba 2010 jengo zima la magladieta, wale wapiganaji wa Kirumi, liliporomoka baada ya mvua. Ndipo wakaamua kuulaza ule ukingo, kuupunguza mteremko, na kuyatengenezea maji njia. Kazi ya mitaro, mwanangu! Na katika kuulaza ule ukingo wa Regio V, yaani mtaa wa tano, ndiko walikopata ile kaunta ya chakula yenye picha za jogoo na bata, iliyowazungusha watu kichwa mwaka 2020. Hawakuitafuta. Walikuwa wanazuia udongo usianguke. Soma tena kwa jicho hilo.

Na Regio IX, mtaa wa tisa, ile nyumba iliyokuwa katikati ya ujenzi Vesuvius ilipolipuka mwaka 79. Hapo umenipata, nakubali. Malundo ya chokaa yako palepale. Vigae vimepangwa vinasubiri kupandishwa. Ukutani kuna namba za Kirumi zilizoandikwa kwa mkaa, mtu alikuwa anahesabu vifaa vyake, kama mimi nilivyokuwa nahesabu mifuko kwenye mlango wa stoo. Majembe ya chuma ya kukorogea. Na timazi ya risasi. Nimeitazama ile picha hadi mama yako akaniuliza kama ni ya mtu tunayemjua. Timazi ile ungenipa leo asubuhi ningefanya nayo kazi, uzito tu na kamba, na ukuta ungesimama wima. Mpaka chokaa walivyoichanganya nimesoma: waliichanganya ikiwa kavu na mchanga wa volkano, maji wakatia baadaye, ukuta ukajengwa mchanganyiko ukiwa bado wa moto. Nilikuwa nadhani utapotea kwenye mambo ya wafalme. Kumbe unakwenda kwa mafundi. Hilo limenipa amani kidogo, kidogo tu, usilitumie kubishana nami.

Kwa hiyo kina ni mita ngapi? Kikipita mita moja na nusu, kuta zikatwe kwa ngazi au ziegemezwe kwa mbao na mirunda, na asikuambie mtu kwamba udongo wa huko ni mgumu. Mgumu ndio unaokatika kwa bonge. Kifusi kisirundikwe ukingoni, kiwe mbali angalau hatua moja nzuri. Kila asubuhi, na kila mvua ikinyesha hata kama ni manyunyu, uzunguke juu ukitafuta ufa unaofuatana na ukingo. Ukiuona, hata kama ni mwembamba kama uzi, usishuke, na mwenzako akishuka mvute kwa nguo. Ngazi iwepo ndani saa zote, karibu yako, si karibu ya profesa. Mtu asibaki peke yake chini. Na ukiona kitu cha dhahabu kinang'aa chini ya ukuta unaoning'inia, kiache. Kimekaa miaka elfu tatu, kitavumilia hadi Jumatano.

Na mkiambiwa mbao zipo, "tutazishusha kesho," hapo ndipo uninyanyulie simu. Kesho huwa ina sababu nzuri. Jua linazama, watu wamechoka, waliotoa kazi wanataka mita kumi leo. Mbao zilikuwepo siku ile. Zilikuwa garini, na kutoka mtaroni hadi garini ni hatua thelathini, nimezihesabu baadaye mara nyingi.

Ulinisomea pia ile ya bangili ya dhahabu, ya Pompeii hiyohiyo. Mtu mzima na mtoto mapajani, miaka na miaka wakaitwa mama na mwanawe, kisha mwaka 2024 vipimo vya DNA vikaonyesha alikuwa mwanamume na hana undugu wowote na yule mtoto. Ulisema inaonyesha tunavyojitungia hadithi. Ni kweli. Ile familia ninayokwenda kuitembelea kila mwisho wa mwezi, niliyokuambia ni ndugu zetu upande wa babu, nayo si ndugu zetu.

Bomba la jikoni limeanza tena kuvuja, safari hii kwenye ungio la chini. Nitalibadilisha ukishaondoka, maana ukiwepo utataka kulifungua wewe. Mdogo wako ameshaanza kupimapima chumba chako kwa macho. Nimemwambia asubiri hata vumbi la gari litulie, lakini ni vizuri umwachie funguo ya kabati, la sivyo atalivunja. Yale masanduku yako ya vigae na mawe yenye vibandiko nimeyahamishia chini ya ngazi. Sikuchanganya kibandiko hata kimoja. Miwani yangu ya kusomea kama uliipakia kwa bahati mbaya nirudishie, barua hii naiandika kwa ile ya mama yako na mistari yote inapanda.

Mama yako anakusalimu ingawa atakuona asubuhi. Hataki kuzungumzia safari. Jana alikuwa anasoma habari ya yule mtoto wa Panga ya Saidi, kule pwani ya Kenya, wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita kichwa kimelazwa kama juu ya mto. Watafiti wakamwita Mtoto. Mifupa ilikuwa laini mno, wakaifunga kwa plasta na udongo wake wote, wakaibeba bonge zima hadi maabara. Mama yako alifika hapo kwenye mto akaliweka gazeti, akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Mimi nikalichukua nikasoma mwisho. Alikuwa mita tatu chini ya sakafu ya pango. Unaona? Wao wamesema kina.

Begi lako nimelifungua, usikasirike, ulikuwa unaoga. Kwenye mfuko wa pembeni nimeweka futi yangu ya kupimia, ile ya mita tano yenye mkanda uliofutika namba tatu za mwanzo. Anzia kwenye kumi, halafu toa. Siku ya kwanza, kabla hujashika mwiko, ishushe kutoka ukingoni hadi chini, usome, uniandikie.

Baba yako