Kabla ya leza, nyoa, usinyofoe

Mhariri,

Wengi huenda kuondolewa vinyweleo kwa leza wakiwa wameshavinyofoa kwa nta au uzi. Hapo hela imepotea: mwanga huhitaji unywele uliobaki ndani ya ngozi ili joto lifike kwenye mzizi. Acheni kunyofoa wiki 4 kabla. Siku moja kabla, nyoeni kwa wembe.

Mwenye ngozi nyeusi aulizie mashine ya Nd:YAG, aina ya leza yenye mawimbi marefu ya nanomita 1064. Mawimbi mafupi hunaswa zaidi na melanini, yaani rangi ya ngozi yenyewe, na ngozi huungua na kubaki na mabaka.

Baada ya leza, kitambaa cha maji baridi dakika 10. Maji ya moto na mazoezi ya jasho, saa 48 baadaye. Singo ya kusugulia mwili na ndimu, mniwie radhi mabibi harusi, zisubiri wiki nzima. Juani, krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi. Malengelenge yakitoka, msiyatumbue. Muoneni daktari wa ngozi.

Msomaji, Mombasa