Kabla hujabandika tiketi zako

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako kuhusu daftari lako la kumbukumbu za safari nimeipata, na swali lako la mwisho, kama tiketi uzipige lamineshen, yaani kuzifunika kwa plastiki kwa mashine ya joto, ndilo nalijibu kwanza: hapana, usizipige. Ukizipitisha kwenye mashine ile zitatoka nyeusi tii, na hapo hakuna tena cha kufanya.

Tiketi nyingi za siku hizi, za basi, za treni, na pasi nyingi za kupandia ndege, hazikuchapwa kwa wino. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka rangi ikiguswa na joto, na mashine ya tiketi huandika kwa kuipasha hapa na pale. Ni karatasi ile ile ya risiti za dukani. Mashine ya lamineshen hupata moto zaidi ya nyuzi 100, na karatasi hii huanza kugeuka kabla ya hapo. Kuitambua ni rahisi: ikwaruze haraka kwa ukucha, pembeni kabisa, upande wenye maandishi. Ikiacha mstari wa kijivu, ndiyo yenyewe.

Hata usipoipasha moto, maandishi yake yanafifia. Jua linayafuta, mafuta ya vidole yanayafuta, spiriti nayo pia. Adui anayesahaulika ni plastiki laini ya PVC, ile inayonuka kama pazia jipya la bafuni. Kemikali zinazoilainisha huhama taratibu hadi kwenye karatasi na kula maandishi. Ndiyo maana tiketi iliyokaa kwenye kidirisha cha plastiki cha pochi huwa tupu mapema kuliko iliyosahaulika ndani ya kitabu. Mifuko ya albamu nunua iliyoandikwa polipropilini au poliesta.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni nakala, na ifanye wiki hii, mapambo yatasubiri. Laza tiketi kwenye kioo cha skana, usiipitishe kwenye kile kilishio cha juu kinachovuta karatasi. Weka nukta 600 kwa inchi, na uskani kwa rangi hata kama maandishi ni meusi, maana rangi ya karatasi nayo ni sehemu ya kumbukumbu. Pande zote mbili. Iliyokwisha kufifia, ongeza tofauti ya weusi na weupe kwenye programu ya picha. Mara nyingi herufi ambazo jicho halizioni zinajitokeza. Ukichapa nakala, chagua ukubwa wa asilimia 100, kwa sababu printa nyingi huipunguza picha kidogo ili ienee kwenye ukurasa, nawe utapata tiketi fupi kuliko yenyewe bila kujua kwa nini. Printa ya wino wa pigimenti, yaani wino wa chembe ndogo za rangi, ndiyo bora, rangi zake hukaa.

Nakala ndiyo ubandike. Tiketi yenyewe iweke kwenye mfuko wa karatasi, ndani ya daftari hilo hilo, ili siku ukitaka kuishika uitoe. Wengi huona kazi ya mfuko ni ndefu, wakapaka gundi mgongoni mwa tiketi. Halafu wanakuja kugundua kwamba upande wa nyuma ulikuwa na muhuri, au namba ya kiti iliyoandikwa kwa kalamu.

Mfuko wenyewe ni hivi. Chukua tiketi ya upana wa sentimita 8 na urefu wa 20. Kata karatasi ngumu kiasi, upana sentimita 10.6, urefu 14. Piga mstari sentimita 1 kutoka ukingo wa kushoto, wa kulia na wa chini, kisha ondoa vile vipande viwili vya mraba kwenye pembe za chini. Kunja kingo zote tatu kwa nyuma ukifuata rula. Paka gundi kwenye kingo hizo tu, bandika kwenye ukurasa; tiketi itachungulia kwa juu. Ndani utabaki na upana wa sentimita 8.6, yaani nafasi ya milimita 3 kila upande. Ukiibana zaidi ya hapo, tiketi itapinda kila ukiirudisha. Mdomoni kata nusu duara ya kuingiza kidole gumba, na uikate kabla ya kubandika.

Gundi ya kijiti isiyo na asidi inatosha. Gundi nyeupe ya maji hukunja ukurasa ukiipaka nyingi; paka nyembamba, weka karatasi ya nta juu yake, funga daftari, lilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Selotepu iache kabisa. Gundi yake hugeuka njano, huzama ndani ya karatasi, kisha plastiki inabanduka yenyewe na doa linabaki. Klipu na pini za chuma zinashika kutu. Na kurasa za daftari ziwe hazina asidi wala lignini, ile sehemu ya mti inayoifanya karatasi igeuke njano. Ukitaka kuona lignini inafanya nini, angalia gazeti lililoachwa dirishani siku chache.

Tiketi za zamani za kadi ngumu hazina taabu hii. Thomas Edmondson alizianzisha kwenye reli za Uingereza karibu na mwaka 1840, kadi ya milimita 57 kwa 31 hivi, iliyochapwa kwa wino wa kweli. Ukibahatika kupata moja, vile vikona vinne vya kushikia picha kwenye albamu vinaishikilia bila kuipaka hata tone la gundi.

Kuandika mwaka wa safari nakusisitizia sana. Pasi ya ndege mara nyingi huandika siku na mwezi tu, na hata msimbo pau wake, ile alama inayosomwa na mashine, hubeba namba ya siku katika mwaka, si mwaka wenyewe. Baada ya miaka 10 hutajua ilikuwa safari ipi. Andika mwaka na njia kwa penseli laini, kwenye ukurasa chini ya mfuko. Msimbo huo huo una jina lako na namba ya uhifadhi wa safari, kwa hiyo ukimtumia mtu picha ya ukurasa mtandaoni, ufunike. Na kama kuna pesa unadai, fidia ya kuchelewa au marejesho ya kazini, tiketi isiguse gundi hadi ulipwe.

Hayo mengine uliyotaja: makombe yaloweke kwenye maji safi, uyabadilishe mara kadhaa kutoa chumvi, yakauke kabisa. Maua yabane kati ya karatasi za kunyonya maji wiki 2 hadi 4, ukizibadilisha siku za mwanzo. Yakiingia mabichi yataleta ukungu. Vyote hivi hulitia daftari tumbo na uti wake unapasuka, basi chukua lenye pete, au kata ukurasa mmoja katika kila kurasa nne, ukiacha kishina cha sentimita 2.

Ile tiketi ya treni unayosema imebaki nyeupe, iskani kwanza kama ilivyo, unitumie faili lenyewe, si picha ya simu. Nitajaribu kuzitoa herufi zake.

Wako daima,
rafiki yako