Gari langu halikubebwa, liliendeshwa, na baba yangu aliinama kuokota ufunguo

Kisasa,
Dodoma.

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Usafirishaji wa Magari,
Kizota, Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: KUENDESHWA KWA GARI LANGU TOYOTA IST BADALA YA KUBEBWA KWA LORI KUTOKA DODOMA HADI MWANZA, NA KUDHALILISHWA KWA BABA YANGU KATIKA YADI YENU YA MWANZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa na maneno ambayo hata mimi nisingependa kuandikiwa. Masharti ya kampuni yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Naanza na kilichotokea Ijumaa saa nne asubuhi kwenye kaunta yenu ya Mwanza.

Nilikuwa nimesimama na baba yangu, mzee wa miaka 76 anayetembea kwa mkongojo. Nilimwomba mfanyakazi wenu anipe ile fomu ya ukaguzi tuliyoijaza Dodoma, tuilinganishe na hali ya gari kabla sijasaini. Hakuinua macho kwenye simu yake. Akasema, "Mama, gari limefika, halijafika?" Nikamjibu kuwa limefika, lakini kioo cha mbele kina ufa na kilomita zimeongezeka. Akavuta droo, akatoa ufunguo, akaurusha. Ukateleza juu ya kaunta, ukadondoka sakafuni upande wetu. Aliyeinama kuuokota ni baba yangu.

Sasa nirudi Kizota, mwone niliwakabidhi gari la namna gani.

Karatasi yenu ya maandalizi niliifuata neno kwa neno. Ijumaa ya wiki iliyotangulia nilipeleka gari kuoshwa hapa Kisasa, nikasimama pale pale mpaka vijana wakamaliza, maana vumbi la Dodoma mnalijua: linajificha kwenye raba za milango na chini ya bampa, na gari likiwa na vumbi mkwaruzo hauonekani. Lilipokauka nikalipiga picha kabla jua halijazama, pande zote nne, paa, matairi, vioo na viti. Picha 41. Ya mwisho ni ya dashibodi, kilomita zikisomeka vizuri: 148,212. Nilitoa kila kitu kwenye buti, nikabakiza jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba. Nilichomoa antena, nikazima alamu, nikakunja vioo vya pembeni. Nililaza kadibodi chini ya injini usiku kucha, asubuhi ikawa kavu, hakuna hata tone la oili. Mafuta mlisema yasizidi robo tenki, nikaacha robo. Mlisema ufunguo mmoja, nikawapa mmoja.

Mkaguzi wenu alizunguka gari pamoja nami Jumamosi asubuhi, na kwa haki yake niseme alikuwa kijana mwenye adabu. Aliandika mkwaruzo mmoja mlango wa nyuma kushoto, akaandika kilomita, akaandika kwamba kioo cha mbele ni kizima. Tukasaini wote wawili. Gari likapandishwa kwenye lori mbele ya macho yangu, magurudumu yote manne yakafungwa mikanda. Nikaondoka pale nikiwa na amani.

Na huyo huyo mkaguzi nilimweleza kwa nini sikuliendesha mwenyewe hadi Mwanza. Pedi za breki za mbele zilikuwa zimeisha. Mdogo wangu ni fundi kule, pedi mpya alikwishanunua, alikuwa analisubiri gari tu. Neno hilo liliandikwa kwenye fomu, sehemu ya maoni: "Breki za mbele dhaifu, lisiendeshwe." Ndiyo sababu nililipa shilingi 950,000.

Ndugu Meneja, Ijumaa pale Mwanza dashibodi ilisoma 148,673. Toa mwenyewe. Kilomita 461. Kupandisha na kushusha gari kwenye lori hakuli kilomita 461. Huo ni umbali unaokaribiana na wa Singida hadi Mwanza. Lita kama 10 nilizoacha kwenye tenki haziwezi kulifikisha IST mbali kiasi hicho, maana yake kuna mtu aliyeingia kituoni, akajaza mafuta, akaendelea na safari. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa nyuma hadi mwisho. Nilipofungua buti, harufu ilinitangulia. Kwenye zulia kulikuwa na manyoya ya kuku, kinyesi kilichokaukia, na doa kubwa la mafuta ya alizeti lililopenya mpaka kwenye tairi la akiba. Kuku wa kienyeji na madumu ya alizeti, kila anayepita Singida anajua vinauzwa wapi. Mimi kuku sikupakia. Gari langu lilifanywa la kubebea biashara ya mtu.

Na siku hizo zote mlikuwa mnanijibu nini kwenye simu? Jumapili niliambiwa lori limetoka. Jumatatu simu haikupokelewa. Jumanne saa tano asubuhi dada wa ofisi ya Kizota akaniambia, "Dada yangu, usiwe na wasiwasi, lori lipo Manyoni linabadilisha tairi." Nikamshukuru. Nilimwamini kabisa.

Jumamosi, siku moja baada ya yale ya kaunta, nikaangalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari langu. Nikakuta faini ya shilingi 30,000, kosa ni mwendo kasi, mahali ni Igunga, siku ni Jumanne hiyo hiyo, saa nne na dakika 20 asubuhi. Wakati dada yule ananiambia lori lipo Manyoni, gari langu lilikuwa limekwishapigwa tochi Igunga likikimbia kwa magurudumu yake. Faini nimeilipa mimi ili isiongezeke. Risiti ninayo.

Mtu aliyetoka Singida akafika Igunga amepita Sekenke. Barabara ile inashuka kwa kona hadi uwanda wa Wembere, malori yanateremka gia ndogo, na madereva wazoefu wanaiheshimu. Mtu wenu ameishuka na gari ambalo fomu yenu wenyewe inasema breki zake ni dhaifu. Angegonga familia ya watu pale Shelui, polisi wangekuja kugonga mlango wa nani? Kadi ina jina langu. Bima ina jina langu. Tangu nione faini ile silali vizuri.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu sijaeleza yote na sitaki mlisome haraka mkapita.

Baba yangu aliamka saa kumi na moja alfajiri siku ile. Gari, ingawa kadi ina jina langu, nimemwachia yeye liwe linampeleka kliniki kila mwezi badala ya kuning'inia kwenye daladala. Alivaa koti lake la sikukuu kwenda kulipokea. Tulipoingia ofisini alisalimia yeye kwanza, mzee wa miaka 76 akawasalimia vijana, na hakuna aliyemwamkia. Walikuwa watatu nyuma ya kaunta ile. Mmoja alikuwa anakunywa chai na chapati. Ufunguo uliporushwa haukuangukia miguuni pangu, uliangukia karibu na mkongojo wake. Kabla sijageuka alikwisha kushika ukingo wa kaunta kwa mkono wa kushoto, akaanza kushuka taratibu, goti moja likitetemeka, na mkongojo ukamponyoka ukalia kwenye vigae. Wale watatu walisikia mlio ule. Hakuna aliyesogea. Wa chai aliendelea na chai yake. Aliyerusha akasema tena, safari hii akimtazama baba, "Mzee, si umelipata gari lako?" Mlinzi wa getini ndiye aliyekimbia ndani, akamwinua, akasema, "Shikamoo mzee, pole sana." Katika watu wote wanaokula mshahara wenu pale, aliyempa baba yangu shikamoo ni mlinzi.

Baba akanikabidhi ufunguo akaniambia, "Mwanangu, saini twende." Njia nzima hakusema neno jingine.

Nilisaini, lakini kwanza niliandika kwa mkono wangu kwenye fomu ya kupokelea: kioo cha mbele kina ufa wa urefu wa kiganja, kilomita zimezidi 461, buti limechafuliwa. Mfanyakazi wenu akaniambia, "Hapo haparuhusiwi kuandika." Nikaandika. Nakala nimeipiga picha, tarehe na mhuri wenu vinaonekana.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie nauli yote, shilingi 950,000, kwa sababu kazi niliyoilipia haikufanyika: nililipa gari libebwe. Mnilipe shilingi 280,000 za kioo, kwa bei aliyoandika fundi, pamoja na 60,000 za kusafisha buti na kubadilisha zulia, na 30,000 za faini. Jumla ni shilingi 1,320,000. Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii.

Hilo ni la pesa. Kuhusu baba yangu, sitaki ujumbe wa simu wala barua ya "tunasikitika kwa usumbufu". Nataka meneja wa tawi la Mwanza aende nyumbani kwake pamoja na kijana aliyerusha ufunguo, wamwamkie kama wazee wanavyoamkiwa, na wamwombe radhi mbele ya familia. Nataka pia jina la dereva aliyelishusha gari langu Singida, na maelezo yake kwa maandishi: nani alimruhusu, na mizigo aliyobeba ilikuwa ya nani.

Nimeisoma barua hii upya kabla ya kuifunga, nikafika tena pale mkongojo ulipoanguka. Zile siku 14 naziondoa. Ni siku 7 za kazi. Zikipita kimya, siku ya nane asubuhi nitakuwa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na makao makuu yao yapo hapa hapa Dodoma, sihitaji hata kukata tiketi. Nitaandika pia Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji anayeuziwa huduma moja akapewa nyingine. Polisi nitafungua jalada la gari langu kutumiwa bila ridhaa yangu, na baada ya hapo tutaonana mahakamani, ambako sitadai tena 1,320,000 peke yake, nitadai na fidia ya udhalilishaji. Picha 41 za Kizota, picha za Mwanza, fomu zote mbili, risiti ya faini na namba za simu nilizopiga na saa nilizopiga vyote nimevitoa nakala tatu tatu.

Jibu naliomba kwa maandishi, lenye saini na mhuri. Msinipigie simu. Kwa simu mliniambia lori lipo Manyoni.

Mteja wenu,
Mwenye Toyota IST,
Kisasa, Dodoma.