Shukrani kwa mama wa dagaa pale Kamanga

Mama uliyekuwa unauza dagaa kwenye kivuko cha Kamanga, Mwanza, mvua ilipotukuta, shikamoo na asante sana. Ulivua kanga uliyojitanda ukanifungia rundo langu la mabango, bila hata kuuliza ni ya nini. Ndani lilikuwemo bango la Mei Mosi la NUTA, chama cha wafanyakazi kilichoundwa 1964. Nilikuwa nimelipata kwa mzee mmoja, tukabadilishana, nikampa mawili ya kampeni za uchaguzi wa 1995. Karatasi imeshageuka njano, kwenye mikunjo inachanika ukiigusa tu. Lingelowa, basi tena. Lilifika kavu! Nimelilaza kati ya magazeti. Kanga yako nimeifua, kila Jumamosi naja nayo kivukoni. Bado sijakuona, mama yangu.