Gia za otomatiki zisibezwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaoamini kwamba gari la kasi lenye gia za otomatiki halina budi kugeuzwa kuwa la manyuo, yaani la gia zinazobadilishwa kwa mkono. Kazi hiyo hudai pedali ya klachi na mitambo yake, mara nyingi shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu) iliyokatwa upya, na kompyuta ya gari itakayokubali kwamba giaboksi ya awali haipo tena (hapo ndipo mafundi wengi hukwama). Adui mkubwa wa otomatiki ni joto. Kwa hiyo kipoza oili kikubwa, klachi za ndani zilizo imara zaidi na tokyu konveta (kifaa kinachopitisha nguvu za injini hadi kwenye giaboksi kwa msukumo wa oili) inayolingana na nguvu za injini huwatosha wengi. Anayependa kukanyaga klachi ageuze kwa raha yake, ila asisingizie kasi: giaboksi ya otomatiki ya kampuni ya Kijerumani ya ZF yenye gia 8 hubadilisha gia upesi kuliko mkono wa dereva.

Msomaji wenu